Baiskeli Imegongwa: Nani Atalipia Mguu Uliovunjika?



Huenda ukashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia polisi, bima na mahakama. Lakini yeyote aliyewahi kumuuguza majeruhi wa ajali ya barabarani anajua kwamba matibabu na haki huenda pamoja. Mfupa wa paja ukivunjika huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, na pengine zaidi. Katika miezi hiyo baba hafanyi kazi, mama anashinda hospitali, ada ya shule inasubiri na kodi ya nyumba haisubiri. Nani alipe? Familia nyingi hudhani ni wao wenyewe, au hungojea huruma ya mwenye gari. Ukweli ni kwamba sheria ya nchi yetu imekwisha kumtaja mlipaji tangu zamani. Haki hiyo hupotea katika siku chache za mwanzo, na mara nyingi hupotea kwa kukosa karatasi.

Sisi wa Mbezi Beach tunawaona waendesha baiskeli kila alfajiri: walinzi wanaotoka lindo, wauza samaki wanaotoka Kunduchi, mafundi, watunza bustani, vijana wa mikate. Tangu Barabara ya Bagamoyo ilipopanuliwa kati ya Mwenge na Tegeta katika miaka ya 2010, foleni ikipungua tu magari hukimbia kweli kweli, na mwenye baiskeli bado anatakiwa kuvuka pale Tangi Bovu au Africana kama alivyovuka zamani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani kote katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwakinga.

HATARI YA KUMALIZANA BARABARANI

Tuchukue mfano. Muuza samaki amegongwa kwa nyuma na gari dogo. Ameinuka, anachechemea, uso umechubuka. Dereva ni mtu mpole, anatoa shilingi elfu hamsini na kusema, "Kaka, tumalizane kiungwana, tusisumbuane na polisi." Watu waliokusanyika wanamwambia apokee ashukuru Mungu. Anapokea. Pengine anatia sahihi kwenye kipande cha karatasi. Gari linaondoka.

Usiku ule anaanza kutapika na kichwa kinamuuma kuliko mchana. Hapo ndipo ilipo hatari, maana mwili hausemi yote siku ya kwanza. Mtu aliyepigwa kichwa anaweza kuzungumza vizuri kabisa, kumbe damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Aangaliwe kwa makini kwa siku mbili. Kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, au mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili ni dalili za kumkimbiza hospitali saa hiyo hiyo. Kwa watoto liko jambo jingine ambalo wazazi hawalijui sana. Mtoto akianguka, ncha ya usukani wa baiskeli humchoma tumboni. Nje huonekana alama ndogo ya mviringo tu, lakini ndani wengu au ini huweza kuwa limepasuka. Mtoto anayelalamika tumbo baada ya kuanguka na baiskeli asipewe dawa ya maumivu na kulazwa; apelekwe kwa daktari.

Kwa hiyo yeyote anayekubali kumalizana siku ya ajali anauza kitu asichokijua bei yake. Dereva akitoa nauli ya kufika hospitali au fedha ya dawa, ipokeeni, ni wajibu wake wa kibinadamu. Ila iandikwe kuwa ni msaada wa matibabu, na asitie mtu sahihi kwamba madai yamekwisha.

Wapo watakaosema kwamba Mkristo anapaswa kusamehe. Ni kweli, tena asamehe kwa moyo wote. Lakini msamaha haulipi deni la hospitali, wala haumzuii mkosaji kurudisha alichoharibu. Zakayo alipopokelewa na Bwana aliahidi kurudisha mara nne, na hakuna aliyemwambia aache kwa kuwa amekwisha kusamehewa.

KARATASI ZA SIKU ZA MWANZO

Kwanza okoa maisha. Anayetoka damu abanwe jeraha kwa kitambaa safi. Anayelalamika shingo au mgongo asiinuliwe hovyo na kutupwa kwenye bajaji. Asubiri watu wa kutosha wambebe akiwa amenyooka. Wakati huo huo mtu mmoja, na awe mmoja maalumu, aandike namba ya gari, jina la dereva na simu za mashahidi wawili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asimame, asaidie na ajitambulishe. Wasiosimama wapo pia, na gari lisipojulikana hakuna wa kumdai. Namba ile iliyoandikwa kiganjani kwa kalamu ya mwanafunzi huenda ikawa ndiyo kodi ya nyumba ya miezi sita.

Kisha polisi. Kwetu huku wengi huenda kituo cha Kawe. Hapo hutolewa fomu ya polisi namba 3, ile maarufu PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Viongozi wa Serikali wamekwisha kutamka zaidi ya mara moja kwamba majeruhi aliye katika hatari atibiwe kwanza na fomu ifuatwe na ndugu baadaye. Basi msimzungushe mgonjwa vituoni damu ikimtoka. Agawanyike mmoja aende polisi, mwingine aende hospitali. Lakini PF3 isiachwe kabisa, na kabla ya kuirudisha polisi toeni nakala. Baadaye, upelelezi ukiisha, ombeni mchoro wa ajali na ripoti ya mwisho ya polisi iitwayo PF90. Bila hiyo kampuni ya bima haifungui mlango.

Hapa niseme neno juu ya mafundi wa mifupa wa jadi. Wengine wana mikono mizuri. Lakini mguu uliofungwa kwa kubanwa sana huweza kuoza, nasi tumewaona waliofikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili wakiwa wamechelewa mno. Na katika habari hii tunayoizungumza, mganga wa jadi hatoi picha ya eksirei, hatoi cheti wala stakabadhi. Aliyetibiwa huko tu, mbele ya hakimu ni kama hakuvunjika.

Stakabadhi ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992, ilisisitiza kwamba hasara mahsusi, yaani fedha iliyotumika hasa, sharti itajwe wazi katika madai na ithibitishwe. Maumivu na ulemavu hakimu huyapima kwa busara yake. Gharama ya dawa, teksi, magongo ya kutembelea na chakula cha hospitali hapimi, anaonyeshwa. Tafuteni bahasha kubwa moja ya kaki, kila karatasi iingie humo siku ile ile. Mwenye mshahara aweke barua ya mwajiri. Muuza samaki asiye na hati ya mshahara aweke daftari lake la mauzo, na wateja wake waweza kuwa mashahidi wa kipato chake.

BIMA NDOGO NI YA NANI?

Kila gari na kila pikipiki inayotembea barabarani yapaswa kuwa na bima, walau ile inayoitwa na wengi bima ndogo. Wenye magari huilalamikia kwa sababu gari lao likiharibika haiwalipi kitu. Ni sawa, kwa maana haikuwekwa kwa ajili yao. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, iliiweka kwa ajili ya mtu wa tatu anayeumizwa au kuuawa na chombo hicho, naye ni mtembea kwa miguu, ni mwanafunzi, ni wewe juu ya baiskeli yako. Kwa hiyo kumdai dereva si kumfilisi maskini mwenzako. Kwa kawaida atakayelipa ni kampuni ambayo amekwisha kuilipa kwa kazi hiyo. Namba ya usajili wa gari inatosha kutambua katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) kama lina bima na ni ya kampuni gani.

Barua ya madai iandikwe mapema kwa mwenye gari na nakala kwa kampuni ya bima. Kampuni ikipewa taarifa kwa kuchelewa inaweza kuifanya hiyo sababu ya kukataa. Mara nyingi jambo huishia hapo kwa mapatano, hasa ikiwapo ripoti ya daktari inayoonyesha kiasi cha ulemavu uliobaki. Ripoti hiyo isiombwe mapema mno. Daktari aifanye mfupa ukiwa umeunga na hali ya mgonjwa imetulia. Kampuni ikivuta miguu bila sababu, yupo TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wote wawili wametajwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Wengi huchanganya kesi ya polisi na madai ya fidia. Dereva akishtakiwa na kutozwa faini, faini hiyo ni ya Serikali. Majeruhi hapati senti. Ni kweli mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru fidia, na si vibaya kumkumbusha mwendesha mashtaka aiombe. Lakini njia yenyewe ni shauri la madai, na kwalo hukumu ya kumtia dereva hatiani huwa ushahidi mzito sana. Shauri hilo lazima lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu ajali. Miaka mitatu yaonekana mingi, ila hupita mtu akiwa bado anaambiwa "njoo wiki ijayo". Kama gari ni la Serikali, kuna notisi ya siku 90 inayotakiwa kwanza. Aliyefariki, wategemezi wake, yaani mke au mume, watoto na wazazi, wanaweza kudai. Nao waanze na msimamizi wa mirathi.

Je, kama mwenye baiskeli naye alikosea? Alipita upande usio wake, au usiku bila taa? Fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Si lazima ipotee yote. Kule Uholanzi, nchi ya baiskeli, mtoto wa chini ya miaka 14 aliyegongwa na gari hulipwa fidia nzima hata kama alikosea, isipokuwa amefanya kusudi au karibu na kusudi. Kwetu sheria haijafika huko. Mzigo wa kuthibitisha uzembe wa dereva ni wa aliyeumia. Ndiyo maana ya mashahidi wale wawili na taa ile ya nyuma.

Aliyeajiriwa na kuumia akiwa kazini, kama tarishi aliyetumwa na baiskeli ya ofisi, anayo njia nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao hauulizi nani alikosea. Mwajiri ndiye wa kutoa taarifa, lakini mfanyakazi amkumbushe.

WASIO NA FEDHA YA WAKILI

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inasema msaada huo hutolewa bure. Wasaidizi wa kisheria watakuelekeza na kukuandikia barua, ingawa hawasimami mahakamani kama mawakili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), kilichoanzishwa mwaka 1995, na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) huwasikiliza wasio na uwezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na Kamati ya Msaada wa Sheria tangu miaka ya 1960. Katika parokia, anzeni na Kamati ya Haki na Amani. Mara nyingi ndani ya jumuiya ndogo ndogo yumo mwanasheria ambaye hajawahi kuombwa. Asiyeweza hata ada ya mahakama anaruhusiwa kuomba kufungua shauri kama maskini, na barua ya Serikali ya Mtaa humsaidia kuonyesha hali yake.

Jihadharini na vishoka wanaozunguka wodini wakiahidi kufuatilia bima kwa nusu ya fedha. Jina la wakili wa kweli huonekana katika mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Msimpe mtu hati halisi, mpeni nakala.

Na ile baiskeli iliyopondeka isiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu hata kama inaziba mlango. Ipigwe picha, polisi waione, kisha iwekwe nyuma ya nyumba mpaka madai yaishe. Mahali rimu ilipokunjika huonyesha gari lilitokea upande gani.