Urekebishaji wa kasuku kijivu aliyetelekezwa

Urekebishaji wa kasuku kijivu aliyetelekezwa ni kazi ya kumpokea kasuku wa kufugwa ambaye amekosa lishe bora, nafasi, matibabu au ushirika, na kumrudishia afya na utulivu. Hufanywa na madaktari wa wanyama, vituo vya wanyamapori na watu binafsi waliokubali kumtunza ndege aliyetoka kwa mwingine. Mwili wa ndege unaweza kupata nafuu kwa wiki au miezi kadhaa, lakini tabia zilizotokana na hofu na upweke huchukua muda mrefu zaidi, na baadhi yake haziishi kabisa. Kwa hiyo mafanikio hayapimwi kwa uzuri wa manyoya wala kwa maneno anayoyasema ndege, bali kwa jinsi anavyokula, anavyolala, anavyocheza na anavyomruhusu binadamu amkaribie bila hofu.

Kasuku kijivu na ufugaji wake

Kasuku kijivu (Psittacus erithacus) ni ndege wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Eneo lake huenea mashariki hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ana urefu wa sentimita 33 hivi, na kwa kawaida uzito wake ni gramu 400 hadi 500. Rangi yake ni kijivu, mdomo ni mweusi na mkia ni mwekundu. Porini hulala kwa makundi makubwa, na kila siku huruka mbali kutafuta matunda na mbegu, hasa matunda ya mchikichi.

Ndege huyu anajulikana kwa akili yake. Nchini Marekani, mwanasayansi Irene Pepperberg alimfundisha kasuku kijivu aitwaye Alex kuanzia mwaka 1977 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex aliweza kutaja vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita. Akili hiyohiyo humletea kasuku mateso anapofungiwa peke yake mahali pasipo na la kufanya.

Kasuku kijivu anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Hivyo wengi hutelekezwa bila mtu kukusudia ukatili: mwenye ndege amezeeka, amefariki, amehama au amechoshwa na kelele, na waliobaki hawajui kumtunza.

Sheria

Mwaka 2016 kasuku kijivu aliwekwa katika orodha ya spishi zilizo hatarini ya IUCN. Mwaka huohuo, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg uliamua kumhamishia katika Kiambatisho I, na uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017. Tangu hapo, biashara ya kimataifa ya kasuku kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Katika nchi za Afrika Mashariki, kumfuga mnyamapori kunahitaji kibali. Kwa sababu hiyo anayempokea kasuku anapaswa kwanza kuwasiliana na mamlaka ya wanyamapori, kama vile KWS nchini Kenya, TAWA nchini Tanzania au UWA nchini Uganda. Kumnunua ndege sokoni kwa kumhurumia hakusaidii spishi hiyo, kwa kuwa fedha hizo humwezesha muuzaji kutafuta ndege mwingine.

Dalili za kutelekezwa

Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu huwa windo rahisi. Dalili zinapoonekana wazi, mara nyingi ugonjwa umeshakaa muda mrefu. Zinazochunguzwa ni pamoja na:

- mfupa wa kidari uliochongoka kwa kukonda, au kifua kilichojaa mafuta;
- makucha na mdomo vilivyokua kupita kiasi;
- vidonda chini ya nyayo kwa sababu ya kusimama juu ya kijiti kimoja chenye unene uleule miaka yote;
- manyoya yaliyonyonyolewa au kukatika;
- kupiga chafya, kutokwa na ute puani au mkia kupanda na kushuka kila anapopumua;
- kuzungukazunguka mahali pamoja, kutikisa kichwa bila kukoma au kupiga makelele siku nzima.

Uchunguzi na karantini

Kasuku mgeni hutengwa na ndege wengine kwa siku 30 hadi 45, katika chumba chenye hewa safi na kwa vyombo vyake mwenyewe. Sababu moja kubwa ni homa ya kasuku, ugonjwa unaosababishwa na bakteria Chlamydia psittaci. Bakteria hao hutoka katika kinyesi na ute wa ndege, huchanganyika na vumbi na kuweza kumwambukiza binadamu homa na nimonia. Kinyesi husafishwa kikiwa kimeloweshwa kwa maji, si kwa kufagia kikavu, na msafishaji hufunika pua na mdomo. Akipata homa au kikohozi, amweleze daktari kwamba anatunza kasuku, kwa kuwa ugonjwa huo hutibika kwa antibiotiki.

Daktari wa wanyama huchunguza kinyesi na damu, na hupunguza mdomo na makucha ikihitajika. Kazi hiyo si ya kujaribiwa nyumbani: ndani ya ukucha na mdomo kuna mishipa ya damu, na ndege anayebanwa kifuani wakati wa kushikwa hushindwa kupumua.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Ndege hupimwa kila asubuhi kabla ya kula na uzito huandikwa. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake, hali hiyo huchukuliwa kuwa ya hatari na daktari huitwa mapema.

Lishe

Kosa linalorudiwa sana ni kumlisha kasuku mbegu za alizeti na karanga peke yake. Vyakula hivyo vina mafuta mengi lakini vina upungufu wa vitamini A na kalsi. Upungufu wa vitamini A hudhoofisha utando wa mdomo na njia ya hewa, na kufungua mlango wa maambukizi. Upungufu wa kalsi huwapata kasuku kijivu kwa urahisi kuliko kasuku wengine wengi, na unaweza kuwaletea kutetemeka, kuanguka kutoka kijitini na degedege. Karanga zilizoota ukungu ni hatari zaidi, kwa kuwa kuvu wa Aspergillus hutoa sumu inayoharibu ini, na mbegu zake zikivutwa na pumzi husababisha ugonjwa wa mapafu.

Chakula kinachofaa huchanganya chakula maalumu cha kasuku kilichotengenezwa kwa tembe, pale kinapopatikana, pamoja na karoti, boga, viazi vitamu vilivyopikwa, sukuma wiki, papai, embe na tunda la mchikichi kwa kiasi. Pilipili pia huliwa bila shida, kwa sababu ndege hawahisi ukali wake kama binadamu. Vinavyokatazwa ni parachichi, chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu na vyakula vya chumvi nyingi.

Mabadiliko hufanywa polepole. Kasuku aliyekula alizeti kwa miaka kumi huenda asitambue kwamba karoti ni chakula, na anaweza kushinda njaa huku bakuli limejaa. Kwa hiyo mbegu hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mizani ndiyo inayoonyesha kama mwendo ni wa kasi mno. Kasuku hujifunza pia kwa kuona, hivyo kula mboga ileile mbele yake humvutia aionje.

Tundu na mazingira

Tundu linapaswa kumwezesha ndege kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa pande zake. Waya wenye zinki inayobanduka na rangi ya zamani yenye risasi ni sumu, kwa kuwa kasuku hutafuna kila anachokifikia. Vijiti vya kusimamia huwa vya unene mbalimbali, kwa mfano matawi ya mpera yasiyopuliziwa dawa.

Tundu huwekwa upande mmoja ukiwa ukutani, ili ndege awe na mahali pa kujikinga, na mbali na jikoni. Vifuko vya hewa vya ndege huwafanya wadhurike haraka na hewa chafu. Moshi wa jiko la mkaa, sigara, udi na ubani, pamoja na dawa ya mbu ya kupuliza, haufai karibu naye. Mvuke wa kikaango cha Teflon kilichounguzwa unaweza kumuua kwa dakika chache.

Jua la asubuhi humsaidia kutengeneza vitamini D, ambayo huhitajika ili mwili utumie kalsi, lakini jua linalopita kwenye kioo halina faida hiyo. Akitolewa nje, sehemu ya tundu huwa kivulini. Usiku huhitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu.

Kujinyonyoa manyoya

Kujinyonyoa ni dalili, si ugonjwa mmoja. Kichwa hutoa dokezo muhimu: kasuku hawezi kufikia manyoya ya kichwa chake kwa mdomo. Kichwa kikiwa na manyoya na kifua kikiwa uchi, huenda anajinyonyoa. Kichwa nacho kikiwa na upara, ugonjwa au ndege mwingine hushukiwa. Magonjwa ya ngozi, vimelea, lishe duni na ugonjwa wa virusi wa mdomo na manyoya huchunguzwa kwanza, kabla ya kusema kwamba tatizo ni upweke.

Tiba hujumuisha kuoga kwa maji ya kunyunyizwa, na kazi ya kufanya: magome ya kubandua, vifuu vya nazi, maboksi ya kuchana na chakula kilichofichwa ili kitafutwe. Manyoya mapya huchukua miezi kuota. Pale ambapo vinyweleo vimeharibika, hayaoti tena, na ndege huyo anaweza kuishi vizuri akiwa na kifua kitupu.

Kurudisha imani

Kasuku aliyeumizwa huogopa mikono. Siku za kwanza mtunzaji hukaa karibu na tundu akisoma au kuongea kwa sauti ya chini, bila kumkazia macho. Kisha hupitisha mbegu moja ya alizeti kwenye nyavu na kuondoka. Mbegu zilizoondolewa katika mlo wa kila siku sasa huwa zawadi.

Ndege anayebana manyoya, kunguruma au kuegemea nyuma amekwisha kukataa, na mtunzaji hurudi hatua moja. Anayepuuza dalili hizo humfundisha ndege kwamba kuuma ndiyo lugha pekee inayosikilizwa. Kumpigia kelele au kufunika tundu kama adhabu huongeza hofu. Baadaye hufundishwa kugusa ncha ya kijiti kwa mdomo ili apate zawadi, na kwa njia hiyo huongozwa kupanda mkononi, kwenye mizani au katika sanduku la safari kwa hiari yake.

Hatima ya ndege

Kumfungulia kasuku aliyezoea nyumba aruke zake si kumpa uhuru. Hajui kutafuta chakula wala kukwepa vipanga, na anaweza kupeleka magonjwa kwa ndege wa porini. Kurudishwa msituni huwafaa zaidi wale waliokamatwa porini na kunyang'anywa wafanyabiashara mapema. Hao huchunguzwa afya, huwekwa pamoja katika vizimba vikubwa na kusubiri mabawa yaliyokatwa yaote upya. Kituo cha Lwiro katika Kivu ya Kusini, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani, hupokea pia kasuku wa namna hiyo.

Kwa waliobaki, hatima ni makao ya kudumu, ikiwezekana pamoja na kasuku mwenzake. Kwa kuwa ndege anaweza kuishi kuliko mtunzaji, ni vizuri mrithi wake atajwe mapema na aanze kuzoeana naye, pamoja na daftari la uzito, vyakula na matibabu yake.