Kungoja Barua Kunaumiza Kuliko Barua

Novemba 2020, benki ya KCB ya Kenya ilitangaza kwamba imekubaliana na kampuni ya Atlas Mara kununua hisa zake katika Banque Populaire du Rwanda, benki ambayo Wanyarwanda huijua kwa herufi tatu tu: BPR. Ununuzi ulikamilika Agosti 2021. BPR ikaunganishwa na KCB Bank Rwanda, na Aprili 2022 benki moja ikaanza kazi. Kwa wanahisa hiyo ni ratiba ya kawaida. Kwa karani wa mikopo mjini Kigali ni takriban miezi 17 ya kujiuliza: benki mbili zina wakuu wawili wa kila idara, na pengine matawi mawili mtaa mmoja, atakayeonekana wa ziada ni nani? Airtel ilipoinunua Tigo Rwanda mwaka 2018, na Equity ilipoichukua Cogebanque mwaka 2023, swali lilikuwa lilelile.

Nani alibaki na nani aliondoka si mada yangu leo. Mada yangu ni ile miezi ya katikati. Huko ndiko afya na kazi huharibika zaidi, na huko ndiko wakurugenzi wasikotazama, kwa kuwa hakuna aliyekwisha kufukuzwa.

Wataalamu wa saikolojia ya kazi wameichunguza hofu hii kwa miongo mingi. Mwaka 1984 Leonard Greenhalgh na Zehava Rosenblatt waliieleza kwa mambo mawili yanayoendana: ukubwa wa tishio, na jinsi mtu anavyojiona hana la kufanya juu yake. Hilo la pili ndilo husahauliwa. Wafanyakazi wawili wanaweza kuwa na hatari sawa ya kupunguzwa, lakini anayejua uamuzi utatolewa lini na kwa vigezo gani atalala. Mwenzake asiyejua atakesha.

Kuna ushahidi kwamba kungoja kwenyewe kunaumiza. Utafiti maarufu wa Whitehall II, uliowafuatilia watumishi wa serikali jijini London kwa miaka mingi, ulikuta afya ya waliokuwa katika idara inayokaribia kubinafsishwa ikidhoofu wakati bado wako kazini na mshahara unaingia. Nchini Marekani, Sarah Burgard na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kuishi muda mrefu na wasiwasi wa kazi kulihusiana na afya mbaya zaidi kuliko hata kuipoteza kazi yenyewe. Na katika shirika kubwa la usafiri la Australia, watafiti Dekker na Schaufeli waliona jambo ambalo mwanzoni linashangaza: walioambiwa wazi kwamba kazi yao imekwisha walianza kupata nafuu, ilhali walioachwa njia panda waliendelea kuumia.

Mimi halinishangazi. Aliyepoteza kazi ana tatizo lenye mipaka. Atauza kiwanja cha Bugesera, atampigia mjomba wake simu, atawahamishia watoto shule ya ada nafuu. Asiyejua hawezi kufanya hata moja kati ya hayo. Akiuza kiwanja kisha akabaki kazini, ameuza bure.

Ofisini hofu hii hujificha vizuri. Utaona watu wanachelewa kuondoka jioni, ukadhani bidii imeongezeka. Wanaonekana, kufanya kazi ni jambo jingine. Anayeumwa hujikokota aje, asije akahesabiwa. Mzoefu haachii ujuzi wake kwa kijana wa pembeni, maana ujuzi huo ndio ngao yake. Makosa hufichwa: Tahira Probst, aliyechunguza viwanda vya chakula Marekani, alikuta hofu ya kupoteza kazi ikiendana na kulegea kwa kanuni za usalama na ajali nyingi zaidi. Katika benki ajali haina damu. Ni mkopo uliolala ambao afisa anaendelea kuuandika kama mzima. Wenye sifa nzuri, ambao kampuni ilitaka wabaki, huondoka kwanza, kwa kuwa ndio wanaopigiwa simu na washindani.

Wapo mameneja wanaoamini hofu kidogo inachapusha kazi. Joel Brockner, aliyewachunguza waliobaki baada ya wenzao kupunguzwa, aliwapa nusu ya haki: juhudi hupanda hofu ikiwa ya wastani. Ikizidi, huporomoka. Nusu hiyo ya pili sijawahi kuisikia ikinukuliwa kwenye kikao cha menejimenti.

Kigali kuna sababu ya ziada ya hofu hii kuuma. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018, inampa aliyepunguzwa kwa sababu za kiuchumi malipo kulingana na miaka ya utumishi: chini ya miaka 5, mshahara wa mwezi mmoja; kati ya 5 na 10, miezi miwili. Bodi ya hifadhi ya jamii, RSSB, ina pensheni, matibabu, uzazi na ajali za kazini, lakini haina fao la kukosa ajira kama lile la NSSF ya Tanzania. Na mfanyakazi wa benki mara nyingi amekopa kwa mwajiri wake mwenyewe, kwa riba nafuu inayodumu maadamu yumo. Kazi ikiondoka, mshahara na riba nafuu huweza kuondoka siku moja. Anayeingoja barua analihesabu hilo kila usiku.

Linganisha na shirika la ndege la RwandAir. Lilipositisha safari za abiria Machi 2020, lilipunguza mishahara kwa ngazi: asilimia 8 kwa wa chini kabisa, hadi 65 kwa wa juu. Lilisimamisha pia mikataba ya baadhi ya marubani. Maumivu yalikuwa makali, lakini kila mtu aliweza kukaa na kalamu akapiga hesabu yake.

Nikidai uwazi kama huo, wakurugenzi hunijibu kwamba mazungumzo ya kuuza kampuni ni siri. Ni kweli, na majina hawawezi kuyatoa. Tarehe wanaweza: “Kufikia mwisho wa Juni kila mtu atajua.” Juni ikifika bila jibu, waseme hivyo siku hiyohiyo, kabla kundi la WhatsApp halijawatangulia. Na wewe unayengoja, iandikie idara ya rasilimali watu uulize vigezo ni vipi, malipo yako yatakokotolewaje, na mkopo wako utahesabiwa riba gani ukiondoka. Kujibu hilo la mkopo hakuhitaji kungoja wanahisa wasaini chochote; lipo tayari kwenye mkataba uliousaini.