Vyumba vya Hewa katika Mfupa wa Kiungo cha Taya

Mbele kidogo ya sikio, taya la chini huungana na fuvu. Kwa baadhi ya watu, picha ya eksirei ya meno huonyesha hapo vyumba vidogo vyeusi. Hivyo ni vyumba vya hewa vilivyoenea kutoka mfupa wa nyuma ya sikio, si ugonjwa. Jiwe la matumbawe lililojengewa Gede lina uwazi kama huo, nalo halikuoza. Mgonjwa wa Malindi au Kilifi akiambiwa "tundu", huenda akadhani mfupa umeliwa kama jino. "Mvungu wa hewa" humtoa hofu. Hata hivyo, mpasuaji hana budi kuitambua mivungu hiyo, kwani kuta zake ni nyembamba na usaha wa sikio waweza kupenya humo hadi kiungoni. Istilahi faafu, basi, ni sehemu ya tiba.