Jina Liko Kasikeu, Kaburi Haliko

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo walivyosema wahenga. Lakini mdai akiwa amekwisha kufa, kaburi lake halijulikani na jina lake halikuchongwa popote, deni hilo litalipwa kwa nani? Swali hili nilirudi nalo kutoka Kasikeu, na tangu hapo halijanitoka moyoni.

Kasikeu iko Makueni, katika nchi ya Wakamba. Msafiri atokaye Mombasa hushukia Sultan Hamud, mji mdogo wa reli ambao jina lake si geni masikioni mwetu watu wa mwambao. Ni jina la Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hadi 1902. Kutoka hapo ndipo hushika njia ya Kasikeu.

Huko nilipokewa na mzee mmoja aliyepindukia miaka themanini. Baada ya salamu na chai nilimwuliza habari za Kariakoo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, unamwuliza nani? Mimi ndiye niliyechukuliwa."

Nilidhani umri umemchanganya. Akanieleza taratibu. Kwa desturi ya Wakamba, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Babu yake alichukuliwa katika vita vya kwanza vya Wazungu, akiacha mke na mtoto mdogo. Mtoto yule alipokua na kuoa, mwanawe wa kwanza alipewa jina la yule aliyepotea. Basi bibi yake alipomwita mjukuu uani, alikuwa akimwita mumewe.

"Bibi hakuambiwa kwamba mumewe amekufa," mzee alisema. "Hakuletewa barua wala nguo yake. Hakuletewa hata senti. Gari la moshi likipiga honi kule chini, alikuwa akisimama."

Ndugu msomaji, ili tuelewe kisa cha bibi huyu, yafaa tukumbuke vita vile vilipiganwaje. Kuanzia Agosti 1914 Waingereza walipambana na Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo, na barabara za magari zilikuwa haba. Kwa hiyo mzigo wote, tangu risasi mpaka unga, ulipandishwa kichwani mwa mwanadamu. Katika miaka ile minne Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ilipata majina yake kwenye kambi za watu hao.

Mwanzoni baadhi yao walikwenda kwa hiari. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha, na mshahara ukashushwa hadi rupia tano kwa mwezi. Mwaka 1917 ukaja msako mkubwa kuliko yote. John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu, na machifu wakatakiwa kutoa idadi waliyopangiwa. Ukambani ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa watu wengi sana.

Wengi wao walishushwa kwa gari la moshi mpaka Mombasa, wakapakiwa melini Kilindini kupelekwa Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Yaani walipita mlangoni petu. Huenda babu zetu waliwaona wakiteremka gatini, wamefungwa vipande vya namba shingoni, na bahari hawajapata kuiona.

Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Waliowamaliza wengi ni tumbo la kuhara damu, homa ya malaria, kichomi na njaa. Walipewa unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea, tena mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huamini kuwa idadi ya kweli yapita 100,000.

Sasa tazama ajabu hii. Mwaka huo huo wa 1917, Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita. Msingi wake ulikuwa mzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Lakini msingi huo ulipofika Afrika Mashariki ulipinda. Maafisa walikubaliana kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, na majina yao yasichongwe. Badala ya majina zikasimamishwa sanamu za ukumbusho Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayowasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Mimi nimeizunguka sanamu ile nikitafuta jina moja tu. Sikuliona.

Na mishahara je? Zilibaki fedha nyingi za wapagazi waliokufa ambazo jamaa zao hawakuzipata. Baadhi ya maafisa wa Kenya walitaka zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika, lakini Hazina ya London ilikataa.

Jambo hili lililala miaka mingi, ingawa wanahistoria wachache hawakuacha kuliandika. Mwaka 2019 Mwingereza David Lammy alionyesha katika filamu yake jinsi Waafrika walivyoachwa nje ya kumbukumbu hizo. Tume ikajichunguza yenyewe, na mnamo Aprili 2021 ikatoa ripoti. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Tangu hapo madaftari ya zamani yanafunuliwa upya. Huko Cape Town, Januari 2025, ulifunguliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi wa vita hivyo ambao hawakuwa na kaburi linalojulikana. Kumbe linawezekana.

Sisi Waislamu tuna la kusema hapa. Fiqhi yetu ina mlango mzima wa mafqudi, yaani mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa. Mali yake haigawanywi ovyo, na mkewe haachwi aolewe kwa uvumi. Hungojwa ushahidi, au hukumu ya kadhi, na ikisha kuhukumiwa kwamba amekufa, mke huingia edani miezi minne na siku kumi. Na kile ambacho marehemu alikuwa akiwadai watu ni sehemu ya mali yake; huwaendea warithi. Mauti hayafuti haki ya mtu.

Bibi wa Kasikeu hakuwa Mwislamu, lakini kilio chake tunakijua. Hakuna aliyempa hukumu. Hakuwa mke wala hakuwa mjane, na alizeeka katika hali hiyo. Huko London mumewe alihesabiwa pamoja na maelfu, na mtu akisha kuwa hesabu tu hadai mshahara.

Nilimwuliza mzee anataka nini leo: fedha? Alicheka. "Fedha ya babu ilikuwa rupia tano kwa mwezi. Watanilipa kwa rupia ipi? Mimi nataka wanionyeshe daftari lao. Waniambie alifia wapi, na siku gani. Nitakwenda nichukue mchanga wa hapo nije nauzike karibu na bibi."

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na Waingereza peke yao. Daftari huandika namba, jina lililokosewa herufi, na jina la chifu. Anayejua kwamba mtu huyo alikuwa baba wa fulani na mume wa fulani ni mzee wa kijijini, na wazee kila mwaka wanapungua. Hapa pwani pia wamo waliochukuliwa, Wadigo, Wagiriama na Waswahili, na wako wajukuu waliosikia visa vyao barazani. Basi, msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee wa namna hii, usingoje Tume. Chukua kalamu ukae naye baada ya alasiri, uandike jina la aliyepotea, la baba yake na la kijiji chake.

Nilipokuwa nikiaga, mzee alinishika mkono akaniambia nisiandike jina lake gazetini. "Liweke," alisema. "Siku wakileta daftari, nitawatajia mwenyewe."