Skrini Ikizimika Juu ya Menengai

Ndege ndogo zinazopita juu ya Kiamunyi, Nakuru (za chuma, si heroe wa ziwani) mara nyingi huwa ni Cessna Caravan: injini moja ya propela, mbawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, tumbo la kubeba abiria kumi hivi au mizigo ya kila aina. Rubani wa Caravan ya zamani hukaa mbele ya safu za geji za mviringo zenye mishale. Rubani wa Caravan iliyotoka kiwandani kuanzia 2008 hukaa mbele ya skrini pana za mfumo wa Garmin G1000. Mwendo uko kushoto, mwinuko kulia, katikati anga ya buluu na ardhi ya kahawia, na pembeni ramani inayomwonyesha Menengai, ziwa na safu ya Mau kana kwamba wingu halijawahi kuumbwa.

Sasa skrini hizo zizime.

Si jambo la kila wiki, lakini waliobuni mitambo hii walilitarajia, na ndiyo sababu ukichungulia dashibodi ya ndege kama Cessna 172 yenye G1000 utakuta, chini kabisa katikati, geji tatu ndogo zilizobanwa kama wageni waliochelewa kufika: ya mwendo, ya mlalo wa ndege na ya mwinuko. Juu ya kioo cha mbele inaning'inia dira ya sumaku. Hiyo ndiyo akiba. Makala haya yanahusu swali moja tu kuihusu: akiba hiyo inategemea nini ambacho skrini hazikitegemei? Jibu la swali hilo ndilo thamani yake yote.

Kwanza, kwa nini rubani asichungulie dirishani tu? Siku ya jua kali angefanya hivyo na mambo yangekwisha. Kutoka juu ya Kiamunyi angeliona ziwa, angeiona barabara ya Ravine, angeshuka taratibu na kutua. Tatizo ni kwamba eneo hili limezingirwa na milima inayopenda mawingu. Ukingo wa Menengai unafika mita 2,278, Mau inapanda kupita mita 3,000, na Aberdare, kwa wanaoelekea Nairobi, inakaribia mita 4,000. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10 iligonga Aberdare. Hakuna aliyenusurika. Naitaja kwa ajili ya mlima, si kwa ajili ya geji: ni ukumbusho kwamba katika njia hizi, wingu huweza kuwa na jiwe ndani yake.

Na ndani ya wingu mwili wa binadamu ni shahidi wa uongo. Hisia zetu za kujua tumelala upande gani hutoka kwenye mifereji mitatu ya sikio la ndani, iliyojaa majimaji. Ukigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo na ubongo hupata habari. Ukiendelea kugeuka kwa mwendo uleule, baada ya sekunde chache majimaji huufikia mwendo wa mfereji, na habari hukatika. Ndege inazidi kupinda, rubani anaapa imenyooka. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea geji peke yake, wakawapandisha angani na kuwaziba macho wasione nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia.

Basi geji. Ya mwinuko ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mkazi yeyote wa Kiamunyi anaweza kuicheza nyumbani. Ndani ya altimita ya zamani mna vikopo vya bati jembamba vilivyofungwa bila hewa. Hewa ya nje ikipungua uzito, vikopo hutanuka, vyuma vidogo husukuma mshale. Hakuna waya, hakuna betri. Baadhi ya simu za mkononi zina kidude kinachofanya kazi hiyohiyo, na programu ya kukisoma hupatikana bure. Nakuru mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya hektopaskali 800, wakati Mombasa ni kama 1,013. Panda matatu mjini ukielekea Kiamunyi na utaona tarakimu zikishuka: katika mwinuko huu kila mita 10 hivi hukuibia hektopaskali moja.

Halafu iache simu mezani kutwa nzima. Karibu na ikweta hewa hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kwa sababu jua huipasha moto angahewa. Mgandamizo hufika kileleni mnamo saa nne asubuhi na kushuka chini kabisa mnamo saa kumi jioni, tofauti ikiwa hektopaskali 3 hivi. Maana yake, altimita iliyosetiwa asubuhi na kuachwa, jioni itadai kwamba nyumba yako imepanda mita 30. Kwa mwenye nyumba huo ni mchezo. Kwa rubani anayeshuka ndani ya wingu kuelekea uwanja wa ndege wa Lanet, mita 30 ni urefu wa miti na zaidi. Kwa hiyo geji ya akiba nayo lazima isetiwe kila mara inaposetiwa skrini. Na marubani wengi, wakishajua skrini inafanya kazi, huisahau. Akiba iliyosahauliwa kusetiwa humpa rubani namba isiyo sahihi saa ileile anapoihitaji.

Geji ya mwendo inategemea bomba jembamba linalochomoza chini ya bawa, mrija wa Pitot, uliopewa jina la mhandisi Mfaransa Henri Pitot, aliyepima kasi ya maji ya mto Seine mwaka 1732 kwa mrija uliopindwa. Hewa inayogonga tundu la mbele hulinganishwa na hewa tulivu ya ubavuni, tofauti yao inakuwa kasi. Tundu hilo lina upana unaomtosha sana nyigu wa udongo, yule anayejenga vijumba vyake kwenye kila tundu analolikuta, hata la kufuli. Ndege ikikaa juani siku mbili tatu bila kufunikwa mrija, nyigu anaingia na matope yake, anataga, anaziba, anaondoka.

Kinachofuata ni kiini macho cha kutisha. Tundu likizibwa kabisa, hewa iliyonaswa ndani ya mrija haibadiliki tena, lakini ile ya ubavuni hupungua kadiri ndege inavyopanda. Geji inasoma tofauti inayokua na kuonyesha kwamba ndege inakimbia zaidi na zaidi. Rubani anainua pua ili apunguze mwendo. Mwendo wa kweli unakwisha, mbawa zinaacha kubeba. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaua watu wote 189. Wachunguzi walimshuku nyigu wa aina hiyo. Nahodha alikuwa ameona tangu mbio za kuruka kwamba geji yake haifanyi kazi. Ya msaidizi wake ilikuwa nzima.

Matundu madogo yana historia ndefu ya kuangusha ndege. Beryl Markham, aliyelelewa shambani Njoro, ng'ambo tu ya Kiamunyi, alivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi Septemba 1936, saa zaidi ya 21 bila redio. Hakufika New York. Mafuta yaliacha kushuka, inaaminika kwa sababu barafu iliziba tundu la hewa la tangi, akatua kwa kishindo kwenye kinamasi cha Nova Scotia.

Geji ya tatu, ya mlalo, ndiyo inayomwokoa mtu ndani ya wingu. Ile ya zamani ni pia tu, kama ile ya watoto: ikizungushwa kwa kasi hukataa kulala, na hata ukiinamisha kiganja yenyewe husimama wima. Gurudumu zito huzunguka maelfu ya mara kwa dakika ndani ya fremu inayolegea pande zote. Ndege huyumba kulizunguka, gurudumu halijali, na mstari uliochorwa mbele yake humwonyesha rubani upeo wa macho asiouona. Jimmy Doolittle alitumia geji ya aina hiyo tarehe 24 Septemba 1929, New York, akaruka, akazunguka na kutua bila kuona nje hata kidogo, wa kwanza duniani.

Katika ndege nyingi ndogo, gurudumu hilo huzungushwa na hewa inayofyonzwa na pampu ya injini. Pampu hizi huvunjika, na zikivunjika hazipigi kelele. Gurudumu hupunguza mbio polepole, mstari unaanza kuinama kidogokidogo, na rubani mwaminifu anaufuata mpaka anapinduka. Hapa lazima niwape skrini haki yao. Ndani yake hamna gurudumu. Mna vipande vya silikoni vidogo kuliko punje ya mchele, vinavyotetemeka na kuhisi mzunguko. Mfumo ukigundua kwamba habari zake haziaminiki, huchora msalaba mwekundu mkubwa juu ya picha. Hufa waziwazi. Geji ya zamani hufa ikitabasamu.

Kuhusu dira sina mengi. Inasumbua ndege ikigeuka au ikiongeza mwendo, kwa sababu mistari ya sumaku ya dunia huzama ardhini na kuivuta sindano. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, si mbali kaskazini mwetu, kwa hiyo Nakuru mvuto huo ni mdogo kuliko Ulaya, na dira hapa hutulia vizuri zaidi kuliko vitabu vya Waingereza vinavyotisha.

Turudi kwenye swali. Waliopanga dashibodi za zamani walikuwa wajanja kuliko tunavyowapa sifa. Geji ya mlalo waliipa hewa ya pampu. Geji nyingine, inayoonyesha ndege ikigeuka, waliipa umeme. Mwinuko na mwendo waliviachia hewa ya nje, na dira waliiachia dunia yenyewe. Kitu kimoja kikifa, kingine hakina habari nacho. Skrini zimekusanya vyote hivyo kwenye umeme mmoja, ndiyo sababu betri ya dharura ya 172 huweza kushika skrini moja kwa nusu saa hivi tu, muda wa kutafuta pa kutua.

Lakini fungua paneli ufuate mirija kwa kidole. Geji ndogo ya mwendo iliyo pale chini, ile ya akiba, imeunganishwa na mrija uleule wa Pitot unaolisha kompyuta ya skrini. Umeme ukikatika, geji hiyo ni mkombozi. Nyigu akiziba, skrini na akiba hudanganyika pamoja. Wakenya tulilionja somo hili usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea nchi nzima na sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikabaki gizani: jenereta ilikuwepo, ila haikuwaka. Kuhesabu vifaa vya akiba ni rahisi. Kazi ngumu ni kuuliza kila kimoja kitakufa pamoja na nani.

Siku hizi mwenye ndege anayeitoa pampu ya kufyonza anaweza kuweka geji ya kielektroniki kama Garmin G5, upana wa kiganja, yenye betri yake ya hadi saa nne na vihisi vyake yenyewe. Mimi ningeiweka. Ningeziacha geji za mishale za mwendo na mwinuko pale pale, na ningedai ziwe mbele ya macho. Mahali ni jambo zito: Oktoba 2000 ndege iliyombeba gavana wa Missouri, Mel Carnahan, ilianguka usiku ndani ya mawingu baada ya geji ya mlalo ya upande wa rubani kuharibika. Ya pili ilikuwa upande wa kulia. Kuruka huku umegeuza shingo kutazama geji ya mwenzako, gizani, mvuani, ni njia nyingine ya kulivuruga sikio lilelile.

Na mafunzo je? Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichapisha Machi 2010 utafiti uliolinganisha zaidi ya ndege ndogo 8,000 zilizoundwa kati ya 2002 na 2006, zenye skrini na zisizo nazo. Zenye skrini zilipata ajali chache kwa jumla, lakini kiwango cha ajali za vifo kilikuwa kikubwa zaidi. Bodi haikuilaumu skrini yenyewe. Ilidai marubani wafundishwe jinsi kila mfumo unavyoharibika, kwa sababu kila mmoja huharibika kivyake.

Wakufunzi wana njia ya bei rahisi: karatasi mbili na gundi. Unazifunika skrini, unamwacha mwanafunzi na geji tatu za chini na dira, unamwambia ageuke arudi alikotoka. Nyuzi 3 kwa sekunde, dakika moja kamili kwa nusu duara. Watafiti wa Illinois nao walifanya hivyo baada ya kuona wale 20 wakishindwa. Waliwarudisha angani, wakawafundisha mgeuko huo mmoja kwa geji chache za msingi, kisha wakawaziba macho tena. Karibu kila jaribio lilifaulu, katika ndege ileile, na bila kuongezwa kifaa chochote.