UZI: Aliletwa mtoto, akakulia Majengo, sasa ana miaka 18. Sheria inamtambuaje?

Uzi huu ni mrefu kidogo, vuta kiti. Kila msimu wa siasa kuna swali linalorudi kwenye midahalo na huku mitandaoni: hawa vijana walioletwa Kenya wakiwa watoto, wakasoma shule zetu, wakaongea Sheng yetu, wapewe vitambulisho ama warudishwe kwao? Mmoja anapiga meza, mwingine anamwaga machozi, sisi tunabaki kutukanana. Sheria yenyewe inasema nini? Hapo kimya. Sitataja mwanasiasa wala chama hapa. Ukileta majina huko chini, utajijibu mwenyewe.

Naanzia Pumwani, kwa sababu Pumwani ni mtaa wa watu waliotoka kwingine. Serikali ya kikoloni iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika waliokuwa wakiishi kwenye vijiji vilivyotawanyika Nairobi. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wakasogezwa upande huu. Ndani ya nyumba za Majengo ukakuta Mswahili wa pwani, Mnubi, Mkikuyu, mtu wa Tanganyika, na Mmanyema ambaye asili yake ni Kongo. Kwa hiyo nikisikia mtu jukwaani akisema wageni "wameingia Eastlands juzi", nacheka tu. Hiyo juzi yake ina miaka 100.

Sasa tuondoe mkanganyiko wa kwanza, maana ndio unaoharibu mjadala wote.

Watu wengi wanaamini ukizaliwa Kenya, wewe ni Mkenya. "Mimi nimezaliwa Pumwani Maternity, nani ataniambia kitu?" Hospitali hiyo ipo tangu 1926 na imezalisha nusu ya watu unaowajua, lakini kitanda chake hakitoi uraia. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa nchini au nje. Basi. Akina mama wawili wanaweza kujifungua usiku mmoja, vitanda vikiwa bega kwa bega. Mmoja ni Mkenya, mwenzake ni Mrundi na baba mtoto ni Mrundi. Watoto wote wawili watapata cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Raia ni mmoja. Na mtoto wa mama Mkenya aliyezaliwa Kampala ni raia, hata kama Nairobi hajawahi kuiona.

Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha ulizaliwa. Hakithibitishi uraia. Hii inaumiza watu wengi wakifika miaka 18.

Na haikuwa hivi tangu mwanzo. Katiba ya uhuru ilikuwa na upana zaidi kwa mtoto aliyezaliwa nchini. Mwaka 1985 ilibadilishwa, na mabadiliko yakarudishwa nyuma hadi uhuru: kuzaliwa hapa pekee hakutoshi tena, lazima mzazi awe raia. Kuna watu walilala wakiwa raia wakaamka na swali.

Kama aliyezaliwa hapa ana maswali, aliyeletwa je? Hapa ndipo uzi unapoanza kweli.

Tuseme kuna binti. Amezaliwa Uvira, Kongo. Vita vikampoteza mama yake, shangazi akambeba akiwa na miaka 3, wakapita Burundi na Tanzania hadi Nairobi, wakapanga chumba Majengo. Shangazi anauza mitumba Gikomba. Binti kasoma hapa nasari hadi kidato cha nne. Kifaransa hajui hata salamu. Mwezi ujao anatimiza miaka 18. Tumpitishe kwenye sheria tuone.

Kifungu cha 14(4): mtoto aliyeokotwa Kenya, anayeonekana hajafika miaka 8, na ambaye wazazi na uraia wake havijulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kifungu kizuri sana, kimeokoa watoto wengi waliotupwa. Lakini angalia linalomkuta binti wetu. Yeye hakuokotwa. Ana shangazi, na shangazi ni mtu mkweli, akiulizwa na chifu anasema: mama yake alikuwa wa Uvira. Ukweli huo ndio unaomfungia njia. Angeachwa mlangoni kwa msikiti au kanisa bila karatasi, angekuwa Mkenya leo. Sijui nani alikusudia sheria imsaidie mtoto aliyetelekezwa na imwache aliyepata wa kumlea, ila ndivyo inavyofanya kazi.

Kifungu cha 15(3): mtoto asiye raia akiasiliwa na raia wa Kenya ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Njia hii ni halali kabisa. Shida ni kwamba shangazi mwenyewe si raia. Na hata kama angekuwa ameolewa na Mkenya, kuasili ni kesi ya mahakama, kuna ripoti, kuna gharama, na lazima ifanyike binti akiwa bado mtoto. Halafu huku kwetu Pumwani, ambako familia nyingi ni za Kiislamu, watu wanalea kwa kafala, hawaasili, kwa sababu za dini. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala. Lakini neno lililo kwenye kifungu cha uraia ni kuasili. Mtu amelea mtoto wa watu miaka 15, mbele ya kaunta ya uraia malezi hayo hayana jina.

Kifungu cha 15(2): mtu aliyekaa Kenya kihalali miaka 7 mfululizo anaweza kuomba uraia. Wanasiasa wanapenda kutaja hii: "si waombe tu?" Soma neno "kihalali". Binti amekaa miaka 15, mara mbili ya inayotakiwa. Lakini aliingia begani kwa shangazi, hakuna pasi iliyogongwa muhuri. Kisheria hajaanza kuhesabiwa hata siku moja.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, vifungu vya 15 hadi 17: hapa kuna njia ya watu wasio na uraia wowote na ya wahamiaji wa zamani, pamoja na watoto wao. Sharti: mhusika mkuu awe aliingia Kenya kabla ya tarehe 12 Desemba 1963. Tena dirisha la kuomba lilikuwa la miaka 5, likaongezwa 3, likaisha 2019. Aliyeletwa miaka ya 2000 hayumo kabisa.

Inabaki ukimbizi. Huu kwa binti wa Uvira una maana, kwa sababu alikimbia vita. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa utambulisho na ulinzi asirudishwe alikokimbia. Lakini ukimbizi si uraia na hauna tarehe ya kugeuka kuwa uraia. Unaweza kuzaliwa mkimbizi Dadaab, kambi iliyoanza 1991, ukazaa mkimbizi. Na mtoto aliyeletwa kutoka Tanga au Mwanza kwa sababu mama alifuata kazi? Huyo si mkimbizi. Ana nchi kwenye makaratasi, ila hana karatasi zenyewe, wala hana mtu kule anayemjua.

Wengi mnauliza, mbona amesoma basi? Kwa sababu kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kila mtoto, haijasema kila raia. Kifungu hicho hicho kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, bila kusema uraia wa wapi. Kwa hiyo nchi inamlea hadi 17, inamfundisha wimbo wa taifa, inampa jezi ya shule. Siku ya kuzaliwa ya 18 inamwambia: lete kitambulisho cha mzazi.

Bila kipande hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana akaunti ya benki, hana namba ya KRA, hana mkopo wa HELB, hana kazi ya mkataba. Akisimamishwa usiku Digo Road hana la kuonyesha. Mnakumbuka Aprili 2014, msako wa Eastleigh, watu wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa? Hadi raia waliosahau kipande nyumbani walilala ndani. Mwaka mmoja kabla, Julai 2013, Mahakama Kuu ilikuwa imezuia amri ya kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini hadi kambini, kesi iliyopelekwa na Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe.

Haya, hoja za upande wa pili, na si za kupuuza.

Usalama. Nchi imepigwa na magaidi, watu wamezika. Kutaka kujua nani anaishi ndani ya mipaka yako ni haki. Lakini jiulize ni nani anayejulikana zaidi: kijana aliye kwenye rejista, alama za vidole zimechukuliwa, au yule asiye kwenye rejista yoyote anayetumia laini ya jirani? Hoja ya usalama, ukiifuata hadi mwisho, inataka asajiliwe.

Kura. "Wanaletwa kupigia fulani kura." Anayepiga kura ni raia aliyesajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti. Kijana asiye na kipande hawezi kumpigia mtu yeyote. Ila hapa kuna ukweli mchungu: madalali wa vitambulisho wapo, na kila mtu mtaani anajua bei haziko kwenye ukuta wa ofisi. Wanaishi kwa sababu ya watu kama binti wetu. Ukimwacha mtu bila njia halali hata moja, umemletea dalali mteja.

Kazi. Vijana wetu hawana kazi, kwa nini tuongeze wengine? Hawa hawaongezwi, wako tayari Gikomba wanabeba mizigo. Tofauti ni kwamba asiye na karatasi hawezi kumshtaki bosi anayempunja, kwa hiyo bosi atamchukua yeye kwanza kwa nusu ya bei. Anayeumia hapo ni yeye na Mkenya aliye kwenye foleni moja naye.

Nchi nyingine zimefanyaje? Marekani walianzisha mpango wa DACA Juni 2012 kwa walioingia kabla ya kufika miaka 16. Unapata kibali cha kazi cha miaka 2 na hufukuzwi. Si uraia, na tangu hapo umekuwa ukipelekwa mahakamani huku na huku, watu wamezeeka na kibali cha muda. Tanzania walienda njia tofauti: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wengine wakiwa watoto wa kubebwa, wengine wakazaliwa makambini. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, vyeti vikaanza kutolewa 2014. Ilichelewa, lakini walimaliza.

Na Kenya tunajua kufanya hivi, tukitaka. Wamakonde waliletwa Kwale kwenye mashamba ya mkonge na miwa enzi za mkoloni. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuja Nairobi kumwona Rais, wakapata vitambulisho. Washona wakatambuliwa Desemba 2020. Wapemba wa pwani 2023. Nafurahi nao. Lakini tazama kinachofanana: wote ni jamii, wana wazee, wana idadi, wanaweza kupanga safu na kutembea. Binti wa Majengo atatembea na nani? Hana jamii ya kuhesabiwa, yuko yeye na shangazi. Na wanaotambuliwa kwa tangazo wanabaki kushukuru aliyetangaza, jambo ambalo wanasiasa hawalichukii.

Kwa hiyo mgombea akija mtaani na maneno matamu kuhusu "watoto wetu wote", ama na maneno makali kuhusu "wageni", muulize mambo mahususi. Utaandika kwenye sheria umri gani wa kuingia? Miaka mingapi ya kukaa? Rekodi za shule na kliniki zitakubalika kama ushahidi? Kafala itahesabiwa? Aliyetimiza 18 jana ataingia au amekosa? Ofisi gani, na kwa siku ngapi? Akijibu kwa nyimbo, umeshajua.

Mnaouliza kule inbox mfanye nini sasa hivi na mtoto mliye naye: msingoje afike 18. Wekeni kila karatasi, kadi ya kliniki, ripoti za shule tangu nasari, barua ya mwalimu mkuu. Mzazi mmoja akiwa Mkenya, hata kama mtoto kazaliwa nje, huyo ni raia tayari, kinachotakiwa ni kuthibitisha. Kama alikimbia vita, aandikishwe Idara ya Huduma kwa Wakimbizi akiwa bado mtoto. Kama mlezi ni raia na yuko tayari kuasili, nendeni kwa afisa wa watoto mwaka huu, msiseme mwaka ujao. Na msinunue kipande kwa mtu. Kikigundulika, njia halali iliyobaki, hata kama ni nyembamba, nayo inaondoka.

Aliye na swali la kesi fulani aulize bila kutaja jina la mtoto. Kesho nikipata bando nitaandika kuhusu kuchujwa na wazee kabla ya kupewa kipande, maana Wanubi wa Kibra wana miaka mingi ya kusimulia hapo, hadi kamati ya Afrika ya haki za watoto ikatoa uamuzi dhidi ya Kenya mwaka 2011.