Redio Yako ya Mkononi Inarusha Mawimbi Gani?

Redio ya mkononi ya ridhaa inaweza kusikika vizuri kabisa, ilhali inarusha mawimbi mahali isipotakiwa. Sikio haliwezi kuyatambua. Kinachoyafichua ni kichanganuzi cha masafa, kifaa kinachoonyesha kwenye kioo nguvu ya kila wimbi na masafa yake.

Upimaji hufanyikaje?
Antena huondolewa, kisha redio huunganishwa kwa waya na kichanganuzi kupitia kipunguza nguvu. Hatua hiyo hairukwi: wati 5 zikiingia moja kwa moja zinaweza kukiunguza kichanganuzi. Redio ikirusha kwenye megahezi 145, mpimaji huchunguza pia 290 na 435, yaani mara mbili na mara tatu ya masafa hayo, kwa kuwa huko ndiko uvujaji wa kichujio hafifu hujitokeza. Nchini Marekani, kwa mfano, redio ya ridhaa ya aina hii hairuhusiwi kuvujisha zaidi ya maikrowati 25 kwa wimbi lolote lisilotakiwa. Kwa redio ya wati 5, hiyo ni sehemu moja kati ya 200,000 ya nguvu yake.

Kwa nini likuhusu?
Wimbi lililovuja linaweza kuvuruga mawasiliano ya mwingine, pengine ya huduma za dharura. Anayebonyeza kitufe ndiye mwenye wajibu.

Ufanye nini?
Kabla ya kununua, dai uthibitisho kwamba kifaa kimeidhinishwa. Kubadilisha antena hakuondoi kasoro ya ndani. Ukiarifiwa kuwa redio yako inaingilia wengine, acha kurusha mara moja, uipeleke ikapimwe.